Picha Nne za Mgongo

Tepu ya kupimia haikuwa na kosa. Shangazi aliihakikisha mara mbili juu ya rula ya mbao iliyopigiliwa kwenye meza yake ya kukatia vitambaa, na inchi kumi na tano za tepu zilikuwa inchi kumi na tano za rula. Kosa, basi, lilikuwa mahali pengine.

"Simama tena," alisema. "Usijinyooshe."

"Sijajinyoosha, shangazi."

"Basi shusha mabega. Hapa ni kwa fundi, si jukwaani."

Aliweka ncha ya tepu pale shingo inapokutana na mgongo, akaiteremsha mpaka kiunoni. Inchi kumi na saba na nusu. Alikuwa amemshonea binti huyu tangu sare zake za kwanza za shule, na daftari lake la vipimo lilionyesha kwamba mwezi uliopita urefu wa mgongo wake ulikuwa kumi na tano kamili. Mtu wa miaka ishirini na mbili harefuki mgongo inchi mbili na nusu kwa mwezi mmoja.

Shangazi alifunua daftari kurudi nyuma, kurasa mbili tu. Kipimo cha kumi na saba na nusu kilikuwapo, kwa mwandiko wake mwenyewe, chini ya jina la mtu mwingine. Akalifunga taratibu.

"Vipi?" binti aliuliza.

"Hakuna kitu. Vaa blauzi yako."

Binti huyo nyumbani walimwita Kisura. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na jina jingine, zuri na refu, lakini lilitumika hospitali na shuleni tu. Mwenye kipimo cha kumi na saba na nusu walimwita Mnara, kwa urefu wake. Walikuwa watoto wa kaka wawili wa shangazi, na shangazi ndiye aliyewalea wote wawili katika nyumba hiyo moja, pembeni ya cherehani hiyo moja. Kisura alimwita Mnara dada, kwa kuwa alimtangulia mwaka mmoja. Mnara alikuwa na wiki sita kaburini.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumamosi yake Kisura alitakiwa studio kupigwa picha za tangazo la manukato, kazi yake ya kwanza tangu wakala wa wanamitindo akubali albamu yake. Wakala alitaka gauni jeusi lililo wazi nyuma mpaka kiunoni. Picha zikipendeza, angesaini mkataba wa miaka miwili siku hiyohiyo. Zisipopendeza, wako mabinti arobaini wengine wenye albamu zao mikononi, na Madamu, mkuu wa wakala, alikuwa amemwambia hivyo kwa simu bila kuzungusha maneno.

Kisura alijiandaa kama anayejiandaa kwa mtihani. Aliacha chumvi, akanywa maji mpaka akachoka, akalala mapema ili macho yasivimbe. Kila alasiri alivaa viatu virefu, akaweka kitabu cha simu cha zamani kichwani, akatembea ukumbini kutoka mlango wa jikoni mpaka mlango wa mbele, akarudi. Sakafu ilikuwa ya saruji na visigino vililia vizuri.

Jumanne alasiri alisikia visigino vinne.

Kwanza alidhani ni mwangwi. Alipunguza mwendo, navyo vikapunguza. Lakini mwangwi hauna mguu mbovu, na hatua zile za nyuma yake zilikuwa na mkwaruzo mdogo upande wa kushoto, mkwaruzo alioujua, kwa sababu Mnara alikuwa akiburuza kidogo kisigino cha kushoto na mwalimu wao wa miondoko hakuacha kumgombeza kwa hilo. Kisura akasimama ghafla. Nyuma yake kikalia kisigino kimoja zaidi, karibu sana, kisha kimya, na ndani ya kile kimya ikamfikia harufu ya mafuta ya karafuu, yale waliyomsugulia Mnara mgongoni miezi yote mitatu ya ugonjwa wake, harufu iliyokuwa imekwisha kutoka katika nyumba ile tangu walipochoma godoro.

"Shangazi!" aliita. "Umefungua chupa ya mafuta?"

"Mafuta gani?" shangazi alijibu kutoka kwenye cherehani. Kisha cherehani ikanyamaza. Shangazi naye alikuwa ameisikia harufu.

Jumatano simu ya Kisura ilimkataa. Ilikuwa simu inayofunguka kwa kutazamwa usoni, na hakuwahi kuihangaikia. Asubuhi hiyo aliitazama, ikamwandikia kwamba haimtambui. Akafuta kioo, akawasha taa, akaitazama tena. Haimtambui. Mwishowe akaifungua kwa namba za siri, akajiambia kwamba simu imezeeka.

Mchana wake, wakati wa kujaribu gauni, shangazi aliteremsha zipu ya nguo aliyovaa binti na mkono wake ukasimama hewani.

"Kisura."

"Nini tena?"

"Alama yako iko wapi?"

Kisura alikuwa na kovu la pasi chini ya bega la kulia, pana kama kiganja. Alilipata akiwa na miaka tisa. Mnara ndiye aliyeigonga meza siku hiyo, wakikimbizana, na pasi ya mkaa ikaanguka. Hakuna aliyemlaumu mtoto. Lakini Kisura alikua akijua kwamba ana uso wa kutazamwa na mgongo wa kufichwa, na kwamba aliyemfanya hivyo alikuwa na mgongo laini, mrefu, ambao wapiga picha wote waliusifu.

Alikimbilia kioo kikubwa cha kabati, akageuka, akajitazama kupitia kioo kidogo cha mkononi. Kovu halikuwapo. Ngozi ilikuwa nyororo kutoka shingoni hadi kiunoni. Chini ya bega la kushoto palikuwa na baka jeusi la duara, dogo kama punje ya dengu, ambalo hakuzaliwa nalo.

Shangazi alikuwa ameketi kitandani. "Lile baka ni la dada yako," alinong'ona.

Kisura hakuogopa. Hilo ndilo lililomtisha shangazi kuliko baka lenyewe. Alibaki kwenye kioo akijigeuza huku na huku, akitabasamu.

"Angalia, shangazi. Sasa gauni litanikaa."

"Vaa kanga—vaa chochote. Tunatoka."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa mtu atakayeniambia nimelea nini humu ndani."

Mganga aliishi nyuma ya duka la kutengeneza baiskeli, katika chumba kilichofagiwa vizuri, chenye viti viwili na dirisha moja. Alikuwa bibi mfupi, mwenye miwani mizito, aliyependa kuuliza kitu mara moja tu. Hakufukiza kitu wala hakutikisa kitu. Alimtaka Kisura akae, akamzunguka, akamnusa nyuma ya shingo kama mtu anusavyo maziwa kujua kama yamechacha.

"Ni jini, bibi?" shangazi aliuliza.

"Angekuwa jini ningeanza kwa maneno mengine. Huyu ni mtu wa ukoo wenu." Akakaa. "Mjukuu wangu, umechukua nini cha marehemu?"

"Sijachukua kitu. Nguo zake zote tuligawa."

"Sikuuliza nguo."

Kisura akatazama sakafu. Nje mtu alikuwa akipiga nyundo kwenye gurudumu, na nyundo ilipotua kila mmoja wao alishtuka kidogo.

"Picha," alisema hatimaye. "Picha nne tu."

Akaeleza. Siku moja, kabla ya ugonjwa, yeye na Mnara walikwenda studio pamoja kutengeneza albamu zao. Mpiga picha alimpiga Kisura usoni, kwa sababu ya uso wake. Mnara alipigwa kwa nyuma mara nne: akiwa amekaa kwenye stuli, akiwa dirishani, akiwa ameinua mikono, akiwa amefunga nywele juu. Hakuna hata moja iliyoonyesha uso. Kisha Mnara akaugua mapafu, na albamu yake haikukamilika. Kisura alipopanga ya kwake aliona ina picha za uso tu. Wakala hutaka kuona mtu pande zote. Akaziingiza zile nne na chini ya kila moja akaandika jina lake mwenyewe.

"Wakala akajibu," alisema. "Akasema anamtaka mwenye mgongo huu."

Shangazi aliziba mdomo kwa mkono.

"Na marehemu alijua?" mganga aliuliza.

"Alijua. Aliiona albamu kitandani. Aliniomba. Aliniambia, 'Kazi ifanye wewe, mimi siinuki tena. Ila waambie mgongo ni wangu. Watajie jina langu tu, nilisikie limetajwa kabla sijaondoka.' Nikamwambia nitapiga simu kesho."

"Ukapiga?"

"Hapana."

"Kesho yake?"

"Hapana, bibi. Wangenifuta. Na kovu langu ni yeye aliyenipa! Alikuwa akinidai nini, wakati—"

"Nimekuuliza kuhusu simu. Kovu sijakuuliza."

Kisura akalia. Alisema kwamba siku ya nne Mnara aliacha kuuliza. Aligeukia ukuta na hakumgeukia tena, hata alipopelekewa uji, hata alipoitwa kwa jina, siku tano, hadi pumzi ya mwisho. Neno lake la mwisho alilisema akiwa ameelekea ukutani: Umeupenda mgongo wangu, basi utazame.

Mganga alivua miwani akaifuta kwa pindo la nguo yake.

"Sina hirizi ya kuzuia uongo," alisema. "Ningekuwa nayo ningekuwa tajiri. Sikiliza. Amekuletea mgongo. Ameleta mwenyewe, kidogo kidogo, wala hajakuumiza. Maana yake anakupa nafasi. Jumamosi utasimama mbele ya watu uliowaambia uongo, utalitaja jina lake kamili, lile la cheti, si la utani. Utasema picha nne ni zake. Ulitaje kabla kamera haijalia mara ya kwanza. Hapo atachukua chake aende."

"Na nisipolitaja?"

"Atachukua chenye thamani ya kile ulichochukua wewe. Wafu hawana mizani nyingine."

"Nitalitaja," Kisura alisema.

Njiani kurudi shangazi hakumshika mkono. Alifika nyumbani, akaandika jina kamili la Mnara kwenye kipande cha karatasi ya kukatia, herufi kubwa, majina yote matatu, akampa. "Usije ukakosea hata moja," alisema. "Alilipenda jina lake."

Siku ya Alhamisi na Ijumaa nyumba ilitulia. Hapakuwa na visigino, wala harufu. Kisura akayachukua hayo kuwa dalili njema. Hakujua kwamba mtu anayesubiri jibu hukaa kimya.

Studio ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Pazia jeupe lilishuka kutoka darini na kulala sakafuni, taa tatu kubwa zilisimama kwa miguu mitatu mitatu. Shangazi alikaa kwenye benchi pembeni, sindano na uzi tayari kwa dharura za gauni. Mpambaji, mwanamke mnene mwenye kicheko, alihangaika na uso wa Kisura kwa zaidi ya saa nzima.

"Wewe mtoto umejipaka nini?" alilalamika. "Nikiweka nyusi, zinafifia. Nikiweka rangi ya mdomo, inanyonywa na ngozi. Nimepamba maharusi waliolia machozi ndoo nzima, hawakunitesa hivi."

"Labda poda yako ya magendo," mpiga picha alimtania akiwa anafunga lenzi.

"Magendo ni hiyo tai yako!"

Kisura alicheka pamoja nao. Kile kipande cha karatasi kilikuwa kiganjani mwake, kimeloa jasho.

Madamu aliingia akiwa na albamu kwapani. Hakusalimia sana. Alimwambia Kisura ageuke, na Kisura alipogeuka, gauni jeusi likiwa wazi mpaka kiunoni, mpiga picha aliiacha lenzi yake. Hata mpambaji hakutania.

"Ndiyo," Madamu alisema polepole. "Huu ndio. Mkataba ninao hapa." Akafunua albamu kwenye zile picha nne. "Nakuuliza jambo moja, maana nilishawahi kudanganywa na wasichana. Hawa wote wanne ni wewe?"

Shangazi alinyanyuka kwenye benchi.

Kisura alifungua mdomo. Nyuma ya shingo yake hewa ilikuwa ya baridi, na katika ile baridi palikuwa na harufu ya karafuu na sauti ndogo kama ya mtu aliyelala mapafu yakiwa yamejaa, sauti isiyo na hasira bado, ikisema neno moja tu: Nitaje.

Alijua alichopaswa kusema, na majina matatu yalikuwa kiganjani mwake kwa herufi kubwa, na Madamu alikuwa akimtazama na kalamu mkononi, na mgongo wake ulikuwa mzima kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka tisa, mrefu, laini, wa kwake, umo ndani ya gauni lililoshonwa kwa vipimo vyake, na kama angelitaja lile jina mgongo ungeondoka hapohapo mbele ya macho ya watu na kovu lingerudi na mabinti arobaini wangeingia kwa mlango uleule ambao yeye angetokea.

"Ni mimi," alisema.

"Kisura!" shangazi alilia.

"Wote wanne ni mimi, Madamu."

Haya, ilisema ile sauti. Baridi ikaondoka.

Kamera ikalia.

Mpiga picha alimpiga kumi za mgongo, akazitazama kwenye kioo cha kamera, akafurahi. "Sasa geuka, tumalizie na uso."

Kisura akageuka, akainua kidevu, akatabasamu kama alivyofundishwa. Kamera ikalia mara nne. Mpiga picha akaitazama, akakunja uso.

"Nilisema geuka, bwana."

"Nimegeuka."

"Naona umegeuka. Ila..." Akapiga tena. Akatazama. Akasogea kushoto akapiga, akasogea kulia akapiga, akazunguka pazia lote akipiga huku Kisura amesimama katikati bila kusogea, na alipomaliza duara alikuwa amelowa jasho na hakutaka kumpa mtu yeyote kamera. Madamu aliichukua mwenyewe. Kulikuwa na picha ishirini na sita, zilizopigwa kutoka kila upande wa chumba, na katika kila moja alisimama msichana wa gauni jeusi, amewapa mgongo.

"Baka hili," mpiga picha alisema kwa sauti ya chini, akigusa kioo chini ya bega la kushoto. "Mimi nalijua. Nililipiga mimi, katika zile picha nne; sasa nakumbuka. Si la huyu."

"Ni la nani?" Madamu aliuliza.

Shangazi alilitaja jina. Majina yote matatu, wazi, moja baada ya jingine. Lakini si yeye aliyepaswa kuyataja, na kamera ilikuwa imekwisha kulia.

Kisura alikuwa ameshaondoka. Alishuka ngazi amebeba viatu mkononi. Muuza rangi alimwona anapita mlangoni kwake, na baadaye aliapa kwamba alimwona akija, kisha akimpita, kisha akienda, na mara zote tatu aliona kisogo.

Shangazi alifika nyumbani saa kumi na moja jioni, jua bado liko dirishani. Mlango ulikuwa wazi. Chumba cha kushonea kilinukia karafuu. Kisura alikuwa amesimama katikati, kati ya meza ya kukatia na kioo cha kabati, nywele zimefungwa juu, gauni jeusi bado mwilini, mgongo kwa mlango.

"Mwanangu," shangazi alisema.

Mabega ya binti yalikuwa yakitikisika kama ya mtu anayelia. Shangazi alitupa macho kwenye kioo cha kabati kilichokuwa mbele ya binti, kutafuta uso wake humo, na ndani ya kioo aliona nywele zilizofungwa juu, shingo ndefu, na baka chini ya bega la kushoto.

Akajikaza. Akatembea kando ya meza, mkono wake ukishika ubao, akamzunguka polepole, upande wa cherehani, upande wa dirisha, mpaka akafika mbele yake, pale ambapo mtu huwa na macho na pua na mdomo, na pale alipofika alikuta nywele zimefungwa juu, na shingo, na gauni lililo wazi mpaka kiunoni.

"Geuka, mwanangu," alinong'ona. "Geuka nikuone."

Sauti ya Kisura ilitoka upande wa pili wa zile nywele, ndogo, kama ya mtu aliyefunikwa uso na mto.

"Nimegeuka, shangazi. Tangu ulipoingia nakutazama."